Gari la Urithi na Injini ya Pili



Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akifika Kibwezi akashika njia ya kulia inayovuka mto Athi kuelekea Mutomo na Kitui, hakosi kuona nyuma ya nyumba za watu, chini ya mwembe au mkwaju, gari kuukuu lililoegeshwa miaka mingi. Mara nyingi ni pikapu ya Peugeot 504. Mara nyingine ni Land Rover ya zamani. Magurudumu yamekwisha upepo, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na bado wenyewe hawakubali kuliuza kwa bei ya chuma chakavu. Si ajabu. Gari hilo ndilo lililompeleka mama hospitali kujifungua, ndilo lililobeba maembe ya Makueni na pojo za Kitui hadi sokoni, na ndilo lililochukua jeneza siku ya maziko ya babu.

Juma hili tumepokea barua ya dada yetu aliyeolewa upande wa Kibwezi. Marehemu baba yake, Allah amrehemu, aliacha pikapu ya 504 ya petroli ambayo injini yake haiwaki tena. Fundi mmoja amewaambia kuwa atawatilia injini ya dizeli ya Toyota, na gari litarudi barabarani kubeba maembe msimu ujao. Mume ameafiki. Fedha za kazi hiyo ni za dada mwenyewe, alizoziweka kidogo kidogo katika chama cha akina mama. Mama yake mzazi hana kauli, na ndugu zake wawili walioko Mombasa walipopigiwa simu walijibu kwa neno moja: "Tengenezeni." Atuuliza: je, kazi hii ina maana, au ni kumwaga akiba yake mchangani?

Jibu letu ni kwamba kazi ina maana, lakini ianze kwa kalamu kabla ya spana. Ametuuliza habari ya injini, nasi tutaieleza kadiri tuwezavyo. Lakini hatari ya kwanza kwa akiba yake haimo ndani ya boneti.

Gari hili ni la nani?

Mtu akifariki, mali yake, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, huwa ya warithi wake wote. Gari halimwi la binti kwa sababu tu limelala uani kwake, wala halimwi la mkwe kwa sababu yeye ndiye anayejua kuliendesha. Kwa maelezo ya dada yetu, waliobaki ni mama mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Fungu la mama ni thumuni. Kinachosalia hugawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume mawili, na binti moja.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gari jinsi lilivyo leo, na injini yake iliyokufa, lina thamani ya shilingi 80,000. Mama ana 10,000. Zinabaki 70,000: kila ndugu wa kiume ana 28,000, na dada yetu ana 14,000. Sasa tuseme injini, giaboksi, breki na ufundi vitamgharimu dada 240,000. Gari likirudi barabarani likauzwa baada ya mwaka kwa 240,000, hizo ni za nani? Ndugu atakayesema "gari ni la baba, tugawane" hatakuwa amesema uongo. Dada atakayesema "fedha zote ni zangu" naye hatakuwa amesema uongo. Hapo ndipo ndugu wa tumbo moja wanapoacha kuamkuana.

Njia ziko tatu, na kila moja ni halali ikiwa wote wameridhia. Ya kwanza ni dada kununua mafungu ya wenzake kabla ya kazi kuanza: kwa mfano wetu atawalipa mama na ndugu zake jumla ya 66,000, na gari litakuwa lake peke yake, kwa faida na kwa hasara. Ya pili ni ushirika: gari ni mtaji wa 80,000 wa warithi wote, kazi ni mtaji wa 240,000 wa dada, yaani robo kwa robo tatu. Likiuzwa 240,000, warithi watapata 60,000 na dada 180,000, kwani katika ushirika hasara hubebwa kwa kadiri ya mtaji. Ya tatu ni mkopo: warithi wote wanakopa kwa dada na kumrudishia kile kile alichotoa, bila nyongeza, kutoka katika mapato ya gari.

Sisi twaipendelea ya kwanza, kwa kuwa humaliza maneno mapema. Lakini yoyote itakayochaguliwa, thamani ya gari ikadiriwe sasa, kabla ya injini kununuliwa, na watu wawili wasio na fungu. Kisha iandikwe, itiwe sahihi na warithi wote, mama akiwamo, na mashahidi wawepo. Neno "tengenezeni" lililosemwa kwa simu lina baraka ndani yake, lakini halina hesabu. Na katika karatasi hiyo liandikwe jina la mwenye fedha. Mali ya mwanamke ni yake. Mume akisimamia kazi kwa niaba yake amefanya wema, wala usimamizi huo haumpi umiliki.

Je, injini imekufa kweli?

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa taji la gari bora la mwaka barani Ulaya. Huku kwetu iliheshimiwa kwa sababu nyingine: ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, katika njia zilizovunja magari mengi. Pikapu zake ziliungwa hapa hapa Mombasa katika kiwanda cha AVA, kwa hiyo gari linalolala chini ya mwembe Ukambani huenda liliwahi kuguswa na mikono ya wafanyakazi wa pwani.

Kabla ya kukubali kuwa injini imekwisha, dada yetu adai vipimo. Fundi mwenye geji ya kupima mgandamizo wa hewa huweza kuonyesha, silinda moja baada ya nyingine, wapi nguvu imepotea. Silinda tatu zikiwa sawa na moja ikiwa chini, tatizo huenda ni vali au gasketi, si injini nzima. Kijiti cha kupimia oili kikitoka na kitu cheupe kama maziwa, maji yamechanganyika na oili. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto aghalabu ni maji.

Injini ya petroli ya 504 ina silinda zinazotolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni na ringi zake, bila kuupeleka mwili wa injini kuchongwa. Hedi yake, hata hivyo, ni ya aluminiamu, na joto likizidi hupinda. Ikiwa hedi ni nzima na krenki haijaliwa, kuifufua injini ya asili huenda kukawa nafuu kuliko kuleta ngeni, na kuna faida nyingine kubwa: kila kitu kingine katika gari kinabaki mahali pake. Kizuizi ni spea. Vipuri vya 504 hutafutwa siku hizi kwa mashaka, tena vingine ni vya kuiga. Kwa hiyo aulize kwanza kama silinda, pistoni na beringi vinapatikana, na bei yake kwa maandishi, ndipo aamue.

Ikiwa ni lazima kubadilisha

Fundi aliyetaja dizeli ya Toyota hakukosea. Injini za ukoo wa L, yaani 2L ya sentimita za ujazo 2446, 3L ya 2779 na 5L ya 2986, zilitumika katika Hiace na Hilux, na Wakenya wengi wamesafiri juu ya injini hizo katika matatu bila kuzijua kwa jina. Pampu yake ya dizeli, katika zile za kawaida, hufanya kazi kwa mitambo tu, bila kompyuta. Spea zake hupatikana kwa urahisi, na fundi anayezijua hakosekani Emali, Wote au Kitui mjini. Kwa anayeishi mbali na barabara kuu, hilo ni jambo la kupimwa kwa uzito wake.

Injini hizi huja zimekwisha kutumika ng'ambo, na huuzwa Mombasa na Nairobi, hususan maeneo ya Kirinyaga Road. Anayenunua asinunue injini tupu. Achukue injini pamoja na giaboksi yake, klachi, oltaneta, stata, pampu ya dizeli na nyaya zake, vyote kutoka gari moja. Akikosa kimoja atakitafuta kwa bei ya rejareja, na mwishowe atakuwa amenunua injini mara mbili. Afungue kifuniko cha oili atazame kama kuna tope jeusi. Aizungushe krenki kwa mkono aone kama inazunguka bila kukwama. Atafute alama za maji yaliyovuja kwenye maungio ya hedi, kwani injini hizi zikipata joto la kupita kiasi hedi hupasuka. Ikiwezekana iwashwe mbele yake. Na kabla ya kufungwa garini, mkanda wa taimingi ubadilishwe, maana hakuna anayejua umekwisha kwenda kilomita ngapi, na ukikatika vali na pistoni hugongana.

Sheria yetu ya biashara inamlazimu muuzaji kueleza aibu ya bidhaa anayoijua, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiyari ya kurudisha. Lakini khiyari hiyo huwa nyepesi kudaiwa pale ambapo risiti imeandika nambari ya injini, tarehe, na siku za majaribio walizokubaliana. Risiti iliyoandikwa "injini moja" haimsaidii mtu.

Breki kabla ya mwendo

Hapa twaomba wasomaji watusikilize kwa makini, kwa kuwa fedha zikipotea hutafutwa nyingine, lakini roho haitafutwi.

Fundi anapozungumzia injini mpya huzungumzia nguvu na mwendo. Ni nadra kusikia habari ya kusimama. Breki za pikapu nyingi husaidiwa na kifaa kinachotumia mvuto wa hewa, ndiyo maana mguu mwepesi huweza kulisimamisha gari zito. Injini ya petroli huutoa mvuto huo yenyewe inapovuta hewa. Injini ya dizeli haina mvuto huo wa kutosha. Kwa hiyo imewekewa pampu ndogo, ambayo katika injini hizi za Toyota aghalabu hukaa nyuma ya oltaneta. Oltaneta ya asili ikikosekana na fundi akafunga ya gari jingine isiyo na pampu hiyo, taa zitawaka, betri itajaa, gari litakwenda vizuri tambarare, na kila mtu atapongezana. Siku litakapoteremka vilima vya Mbooni au Kilungu na mzigo wa maembe nyuma, dereva atakanyaga pedali ngumu kama jiwe.

Kwa hiyo gari lisipokewe mpaka jambo hili lionekane kwa macho. Njia yake ni nyepesi. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kisha aishikilie na kuwasha injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isiposhuka, gari lirudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

Dizeli pia ni nzito kuliko petroli ya asili. Springi za mbele zitalala, na breki zitabeba uzito zaidi. Mpira wa breki uliokauka kwa miaka ya kukaa juani ubadilishwe, silinda za breki zifunguliwe, na mafuta ya breki yawe mapya. Karai la oili la injini ngeni lisiguse chuma cha chini wala viungo vya usukani. Shafti inayopeleka nguvu nyuma, ikikatwa au kuunganishwa kwa sababu giaboksi ni ya urefu mwingine, ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuisawazisha. Ikifungwa bila hivyo itatetemeka na kula viungo vyake. Tangi la petroli lioshwe, na liwekewe bomba la kurudishia dizeli.

Kisha kuna joto. Ukambani ni nchi ya jua na vumbi, na maji ya visima vingi vya Kitui na Makueni yana chumvi. Maji hayo yakitiwa katika rejeta huacha magamba na kula chuma, na injini iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka hufa kwa kiu ya maji mema. Rejeta itiwe maji ya mvua kutoka tangini, pamoja na dawa ya kupoza injini, na iwe na ukubwa unaolingana na injini mpya. Kichujio cha hewa kikaguliwe mara kwa mara wakati wa vumbi. Twakumbusha pia kwamba sehemu ya nyuma ya pikapu ni ya mizigo. Si mahali pa kupakia watoto kwenda harusini.

Ukambani una neema moja ambayo sisi wa pwani hatuna: hewa yake kavu haili bati kama hewa ya bahari. Hata hivyo, kabla ya yote, fremu na sakafu zigongwe kwa nyundo ndogo pote. Chuma kikiwa kimeoza, au nambari ya chesisi haisomeki, dada yetu asitoe hata shilingi. Hapo kuliuza na kugawana ndiyo busara.

Karatasi

Daftari la umiliki wa gari lina nambari ya injini. Injini ikibadilishwa, nambari imebadilika. Petroli ikawa dizeli, na ujazo nao ukawa mwingine. Mabadiliko haya yanatakiwa kupelekwa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, na gari likaguliwe. Risiti yenye nambari ya injini ndiyo ushahidi kwamba haikuibwa. Asiyefanya hivyo ataishi vizuri mpaka siku polisi watakapofungua boneti, au mpaka siku ya ajali kampuni ya bima itakapotafuta sababu ya kutolipa. Bima ya kuwakinga watu wengine ni ya lazima kisheria, na haina faida ikiwa imeandikiwa gari ambalo halifanani na lililoko barabarani.

Kwa dada yetu kuna jambo la ziada: daftari bado lina jina la marehemu. Gari halihamishwi kwa jina la mrithi bila hati ya mirathi. Mahakama ya Kadhi, ambayo mamlaka yake yametajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya, husikiliza mambo ya mirathi ya Waislamu ambao wote wameridhia kwenda mbele yake. Ile karatasi ya makubaliano tuliyoitaja mwanzo itakuwa na kazi huko. Waende mapema, wakiwa bado wanacheka pamoja.

Mpangilio wa fedha

Kwa muhtasari, twamshauri agawe akiba yake kwa utaratibu huu: kwanza makubaliano na hati, pili ukaguzi wa fremu na vipimo vya injini ya zamani, tatu breki, usukani na magurudumu, nne injini na giaboksi, tano rejeta na kupoza, sita ukaguzi na bima. Rangi na vitambaa vya viti vije mwisho, kama kuna kilichobaki. Fundi alipwe kwa hatua, kila hatua ikionekana, wala asipewe fedha zote mkononi siku ya kwanza. Vipuri vinunuliwe na mwenye fedha au mtu anayemwamini, na vile vya zamani virudishwe nyumbani vionekane.

Na kama ataamua kuifufua injini ya asili kwa pistoni na ringi mpya, safari za mwanzo ziwe za taratibu na bila mzigo mzito, na oili ibadilishwe mapema, kabla ya kilomita 1000, kwani vyuma vipya huacha unga vinapozoeana.

Tunamwombea dada yetu na mama yake baraka katika mali waliyoachiwa, na twamwombea marehemu rehema. Kama wamo miongoni mwenu mafundi wa Kitui, Mwingi, Makindu au Wote wenye la kuongeza juu ya magari haya, waandike. Tutalichapisha kwa faida ya wote. Juma lijalo, inshallah, tutajibu barua ya mama wa Kilifi anayeuliza juu ya vyama vya akiba: nani hushika ufunguo wa sanduku, na kwa muda gani.